Vibati Hamsini na Viwili

Kila Jumamosi asubuhi, akishasali Malaika wa Bwana na kumaliza uji wake, Mwalimu Ildefons alivaa mabuti ya mpira, akachukua muhoro, kile kisu kizito chenye ncha iliyopinda kama mdomo wa mwewe, akaingia kwenye kibanja, shamba la migomba nyuma ya nyumba yake. Majirani wa kijiji kile, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Kamachumu, walikuwa na maneno yao juu ya jambo hilo. "Mwalimu anaita majina," walisema. Na akikutwa njiani baadaye, hakukosekana mtu wa kumuuliza, "Leo nani hayupo, Mwalimu?"

"Wote wapo," alijibu, bila kucheka.

Watu wengine hupanda migomba ili wale. Ildefons alikuwa akiikusanya. Kwa miaka ishirini na sita, tangu alipopangiwa kufundisha sayansi katika shule ya msingi ya pale kijijini, alitafuta kila aina ya mgomba ambayo Wahaya waliwahi kuipa jina, akapanda shina moja la kila aina. Enshakala na enyoya za kupika, embile ya kukamulia rubisi, ile pombe ya ndizi, enkonjwa ya kuchoma, entobe, enchoncho, embwailuma, na nyingine ambazo hata wazee walizisikia tu midomoni mwa bibi zao. Alizifuata kwa baiskeli, kwa miguu, kwa barua. Mbele ya kila shina alichomeka mti, na juu ya mti akapigilia kibati alichokikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, jina likiwa limetobolewa kwa msumari, herufi moja moja. Vibati vilikuwa hamsini na kimoja.

"Mwanamume huyu," mkewe Felicitas alikuwa akiwaambia wageni, "nimemwomba mkungu wa kupika, ananiambia nisubiri apime urefu wa ndizi kwanza. Watoto wa watu wanalala na njaa kwa sababu ya rula!"

Hawakuwa na mtoto. Wageni walijua, na walicheka kwa sababu yeye alicheka kwanza.

Felicitas alifariki kwa saratani, mwaka wa tatu sasa. Katika wiki zake za mwisho alikataa kila chakula, ila siku moja alisema anatamani enyakizinga. Ilikuwa ndizi ya bibi yake, fupi, nyekundu ubavuni, ambayo ikipikwa hunukia kama asali. Ildefons hakuwa nayo. Aliuliza Muleba nzima, akaandika hadi Karagwe. Felicitas alizikwa kibanjani, kama ilivyo desturi, katikati ya migomba hamsini na mmoja, na ile moja aliyoitaka haikuwepo. Tangu siku hiyo mkusanyaji yule hakukusanya tena kwa furaha. Alikusanya kama mtu anayedaiwa na marehemu.

Septemba iliyofuata alitumwa Ngenge kusimamia mtihani wa darasa la saba. Jioni ya siku ya pili, akitembea kunyoosha miguu, aliuona nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aitwaye Lwakatare. Mgomba mfupi, shina jekundu kama limepakwa udongo wa mfinyanzi, mkungu umeinama.

"Tata, huu mgomba unaitwaje?" alimuuliza mzee.

"Enyakizinga. Baba yangu aliuleta kutoka visiwani. Nimebaki nao mimi peke yangu, wengine wote wameng'oa."

"Kwa nini wameng'oa?"

Mzee alinyoosha kidole ng'ambo ya bonde. Kule migomba ilikuwa imesimama majani yamening'inia, ya manjano, kana kwamba mtu ameipitishia moto chini. "Mnyauko," alisema. "Umeingia kitongoji kile tangu Machi. Bibi shamba amekataza chipukizi lolote kutoka hapa. Lakini hili langu ni zima, Mwalimu. Tazama majani yalivyo."

Ildefons aliyatazama. Yalikuwa mazuri kweli. Lakini yeye ndiye mwalimu wa sayansi, na mwezi ule ule alikuwa amesimama mbele ya ubao na chaki mkononi akiwaambia watoto: mnyauko wa migomba hauna dawa. Unakaa ndani ya shina miezi mingi bila kuonekana. Unahamishwa na chipukizi, na unahamishwa na kisu. Ukikata mgomba mmoja, pitisha kisu motoni kabla ya kukata wa pili. Aliwafanya waimbe: *kisu motoni, kisu motoni*.

Alirudi nyumbani na chipukizi la enyakizinga ndani ya mfuko wa unga, limezungushiwa shati lake la kazi, juu yake daftari. Njia nzima juu ya bodaboda alisali rozari. Aliomba wasisimamishwe kwenye kizuizi cha kukagua mazao, na hawakusimamishwa. Baadaye sana, alipoikumbuka safari ile, aliona kwamba alikuwa amemwomba Mungu amfiche, wala hakumuuliza hata mara moja kama anachofanya ni halali.

Alilipanda miguuni pa kaburi la Felicitas, akatoboa kibati cha hamsini na mbili.

*

Ng'ambo ya njia, kibanja kilichopakana na chake kilikuwa cha Dativa, mjane wa kaka yake Joackim. Joackim naye alilala kibanjani mwake, chini ya msalaba wa saruji. Dativa hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya migomba ile, mibuni michache katikati yake, na binti mmoja, Jovita, aliyekuwa mshonaji Nyanga, Bukoba mjini. Tangu msiba wa Joackim, Ildefons alimpogolea shemeji yake migomba kila Jumamosi, akimaliza ya kwake. Hakuna aliyemlazimisha. Pale kwao mwanamume akifa, ndugu yake anachukua muhoro, na kibanja cha mjane hakionekani kama pori.

"Mulamu, umefika?" Dativa alikuwa akimwita shemeji yake kutoka jikoni. "Njoo kwanza unywe chai. Wale wake zako hamsini wamekuchosha."

"Hamsini na wawili."

"Mae! Umeoa tena?"

Alivuka njia na muhoro ule ule mkononi. Zile Jumamosi za kwanza alikuwa akiwasha majani makavu na kukipitisha kisu motoni kabla ya kuvuka. Kisha ikaja Jumamosi ya mvua, majani yamelowa, kiberiti kimelowa, na Dativa anaita chai inapoa. Alifuta kisu kwenye nyasi. Jumamosi iliyofuata hakukuwa na mvua, lakini alikifuta tena kwenye nyasi. Dhambi nyingi huingia hivyo. Mara ya kwanza huwa na sababu, na mara ya pili haihitaji tena.

Mwezi wa sita wakwe watarajiwa wa Jovita walikuja kujitambulisha. Walikuwa watu wa Ngenge. Walileta mikungu minne, wakapokelewa kwa kahawa ya kutafuna na rubisi, watu wakala wakashiba, na maganda pamoja na vikonyo vya mikungu Dativa akavitupa kibanjani, kama kila mwanamke afanyavyo, iwe mbolea.

Mwezi wa nane majani ya enshakala yake tatu yaligeuka manjano.

Bibi shamba wa kata alikuwa Evelyne, aliyekuwa mwanafunzi wa Ildefons darasa la sita. Alikuja na pikipiki, akifuatana na Muhidini, mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye sauti kubwa ambaye hakuwa na roho mbaya ila alipenda jambo lijulikane. Watu kumi na zaidi waliwafuata. Evelyne alikata mkungu mmoja, akapasua ndizi. Ndani zilikuwa na kutu. Akakata shina, akawaambia wasubiri. Walisubiri. Taratibu kwenye uso mweupe wa shina yakatokea matone ya manjano, mazito, kama usaha wa jipu.

"Ndio wenyewe," Evelyne alisema.

Muhidini aligeuka. "Mama Jovita, wale wageni wako wa Ngenge walikuletea nini?"

"Ndizi za kula tu, mwenyekiti."

"Maganda ulitupa wapi?"

Dativa aliangalia mikono yake. Mwanamke mmoja nyuma alisema, kwa sauti ya kusikika, "Tamaa ya mahari hiyo. Sasa tutakula nini sote?" Mwingine akasema, "Si ungewaambia walete mchele!" na baadhi wakacheka, kicheko kile cha watu wenye hofu.

Ildefons alikuwa amesimama pembeni ya msalaba wa Joackim. Alikuwa akizitazama zile enshakala tatu. Zilikuwa za kwanza unapoingia kutoka njiani, zile anazoanza nazo kila Jumamosi, kisu kikiwa bado kibichi kwa maji ya migomba yake mwenyewe. Alijua pale pale. Hakuhitaji usiku wa kufikiri. Mdomo wake ulifunguka.

"Na kwa Mwalimu?" Muhidini aliuliza. "Si mpaka mmoja?"

Evelyne alivuka njia, akakikagua kibanja chake shina kwa shina, akisoma vibati. Hakuona jani hata moja lenye kasoro. Alirudi akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Hivi ndivyo inavyotakiwa," aliwaambia watu. "Huyu ndiye aliyenifundisha wimbo wa kisu motoni. Jifunzeni kwake."

Mdomo wa Mwalimu ulifungika.

Kibanja cha Dativa chote kiliandikiwa kung'olewa. Sheria ndogo ya kijiji ilisema hivyo kwa shamba ambalo ugonjwa umeenea. Kazi ilichukua siku nne. Ildefons alifanya kazi kuliko wote, na watu walimsifu kwa upendo wake kwa mjane wa kaka yake. Siku ya nne jioni kaburi la Joackim lilibaki peke yake juani, na kutoka barabarani uliweza kuuona msalaba, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Dativa alimwita kando. Alikuwa amevaa khanga ya msiba.

"Mulamu, waitu, nakuomba nisamehe," alisema. "Nimeua shamba la kaka yako. Mkono wangu mwenyewe ndio uliotupa yale maganda. Nikifika mbele yake nitamwambia nini?"

Hapa ndipo palikuwa mahali pa kusema. Hapakuwa na Muhidini, hapakuwa na mtu. Palikuwa na yeye na mwanamke anayemwomba msamaha kwa kosa ambalo ni la Ildefons mwenyewe. Alifikiri juu ya vibati. Alifikiri juu ya miguu ya Felicitas na ule mgomba mwekundu unaopanda juu vizuri.

"Mungu amekusamehe," alisema.

Dativa alipiga magoti, akamshukuru.

*

Dativa hakukaa pale kijijini. Watu walimpita kisimani bila salamu. Mmoja alisogeza ndoo yake pembeni isigusane na ya Dativa. Baada ya wiki mbili alifunga mlango, akaenda Nyanga kwa Jovita. Wale wakwe wa Ngenge, waliposikia wanavyosemwa, walinyamaza, na posa ikafa taratibu bila mtu kuivunja.

Mwezi wa kumi na moja entobe ya Ildefons, iliyopakana na kaburi, iligeuka manjano.

Aliikata mapema asubuhi, kabla ya kengele ya shule, akachimba shimo refu, akaizika na jani lake la mwisho. Kibati alikivua, akakitia kwenye boksi la chaki. Wiki mbili baadaye ikafuata enchoncho, kisha embwailuma. Kisu sasa alikipitisha motoni kila mara, hadi mpini ukaungua, lakini kisu hakikuwa na kazi tena. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia. Kabla ya Noeli vibati vitano vilikuwa ndani ya boksi. Kufika Januari vilikuwa saba. Kwenye mapengo alipanda maboga ili mtu akipita asione. Enyakizinga yenyewe, iliyouleta msiba, ilisimama kijani kibichi, haina doa.

"Leo nani hayupo, Mwalimu?" walimuuliza njiani.

"Wote wapo."

Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya. Alhamisi alisomea watu Injili na kuongoza sala za waumini. Alikwenda kitubio kabla ya Noeli, akapiga magoti, akamwambia padri kwamba amesema uongo mara kadhaa na amekuwa mvivu wa sala. Padri alimpa malipizi, Salamu Maria tano. Alizisali zote tano, akarudi nyumbani, na usingizi haukuja. Mtu anaweza kumdanganya bibi shamba na kijiji kizima, akala akalala. Lakini akijaribu kumkabidhi Mungu dhambi ndogo ili abaki na ile kubwa, hapo hana pa kulala.

Hata hivyo hakusema. Inafaa msomaji ajue hivyo, asije akadhani mtu huyu aliongoka kwa uzuri wa moyo wake.

Kilichomfikia kilikuwa simu. Mwisho wa mwezi wa pili, wakati wa mapumziko ya saa nne, Jovita alimpigia.

"Baba mdogo, shikamoo. Mama anakusalimu. Anasema miezi sita inaisha mwezi wa tatu, bibi shamba amesema ardhi itakuwa imepona. Anataka kurudi apande mvua zikianza."

"Marahaba. Ni vizuri, mwanangu."

"Anasema hataki machipukizi ya mtu mwingine. Anasema kwa baba mdogo peke yake ndiko alikoona pasafi. Umtengee ishirini. Tena anacheka huku, anasema uchague wale wake zako wasio na wivu."

Nyuma ya sauti ya Jovita aliisikia cherehani, na kicheko cha Dativa ambacho hakuwa amekisikia tangu mwezi wa nane. Watoto wa darasa la nne walikuwa wakirukaruka uwanjani.

Angempa ishirini na kuua shamba lile mara ya pili? Au amwambie hana, na aseme kwa nini hana? Njia ya tatu aliitafuta kwa siku mbili. Hakuiona.

*

Jumamosi hakuita majina. Alipanda gari la asubuhi kwenda Bukoba. Nyanga alikuta nyumba ya chumba kimoja na baraza, migomba ya watu wengine ikiizunguka. Dativa alikuwa ameketi kwenye mkeka akikata vitambaa vya sare za shule. Alikuwa amekonda.

"Karibu, Mulamu! Umekuja mikono mitupu? Wake zako wamegoma kusafiri?"

"Mama Jovita," alisema, na alipomwita kwa jina hilo la heshima badala ya kumrudishia utani, Dativa aliweka mkasi chini.

Alimwambia yote akiwa amesimama. Ngenge, mfuko wa unga, kizuizi, kaburi la Felicitas, Jumamosi ya mvua, nyasi. Hakuongeza sababu. Jovita alisimamisha cherehani katikati ya mshono.

Dativa hakulia. Alichukua kipande cha kitambaa cha bluu mkekani, akakikunja mara mbili.

"Nilikupigia magoti," alisema.

"Ndiyo."

"Ukaniambia Mungu amenisamehe."

"Ndiyo."

"Kitu gani kilikuwa rohoni mwako uliponiambia hivyo? Niambie. Wewe ni mwalimu, unajua kueleza."

"Migomba," alisema Ildefons. "Niliogopa itang'olewa."

Dativa alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu na kuona kwamba ni sahihi. "Jovita amekosa mume," alisema. "Mimi nilikunywa maji ya kisima usiku kama mwizi, kwa sababu mchana walinitenga. Kila jioni nimemwomba Joackim radhi. Kila jioni, Mulamu. Hadi marehemu umemchosha."

"Nifanye nini?"

"Usiniulize mimi. Rudi ukawaambie wale waliocheka. Mimi sina cha kukupa leo. Hata chai sikupi."

Jovita alikwenda kwenye mlango uliokuwa wazi tayari, akaufungua zaidi.

*

Jumatatu aliomba ruhusa shuleni, akaenda kwa Muhidini, akaomba watu waitwe. Walikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, wakifikiri ni habari ya mbegu. Ildefons alisema mbele yao yale yale aliyoyasema Nyanga. Alipofika kwenye wimbo wa kisu motoni, Evelyne aligeuza uso.

Kisha mwanamke yule wa mahari alisema, "Ee Yesu wangu," akafunika mdomo kwa khanga. Mzee mmoja alitema mate chini. Muhidini, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, alizungumza taratibu.

"Mficha maradhi, kilio humfichua. Sasa kilio umetuachia sisi, Mwalimu. Vibanja vingapi umeingia na kisu hicho?"

"Viwili tu. Changu na cha kaka yangu."

"Unaapa?"

"Sina tena haki ya kuapa. Mkague."

Walikagua wiki nzima. Mashina manne zaidi yalikutwa yanaumwa, yote kwenye mpaka wa Dativa, kwa watu wawili waliokuwa wamecheka. Shuleni mwalimu mkuu alimwondoa kwenye somo la sayansi hadi barua ya wilaya itakapokuja. Jumuiya ilichagua mwenyekiti mwingine bila kupiga kura. Na Evelyne aliandika amri: kibanja chote, Jumamosi, kisibaki kitu.

Jumamosi ile watu walikuja wachache, wakasimama njiani. Hakuna aliyeleta panga. Ildefons hakutarajia vinginevyo. Alikuwa amewasha moto mdogo kando ya kaburi la Felicitas, kama sheria inavyotaka, akaanza peke yake na enshakala, shina lililokuwa na miaka ishirini na sita.

Saa tatu gari la Bukoba lilisimama barabarani. Dativa alishuka, na Jovita nyuma yake. Watu waliwapisha. Mwanamke wa mahari alisogea mbele, akaanza, "Mama Jovita, sisi hatukujua..." Dativa alimpita kama alivyokuwa akipitwa kisimani. Aliingia kibanjani, akafika mpaka kwenye moto, akaketi juu ya gogo. Akanyoosha mkono.

Ildefons hakuelewa. Kisha akampa muhoro.

Dativa aliutia motoni, akaugeuza upande huu na upande huu, hadi maji ya mgomba yakachemka na kukauka kwenye chuma. Akamrudishia. Ildefons akakata wa pili. Dativa akanyoosha mkono tena.

"Mama, si yote inakufa leo?" Muhidini aliuliza kutoka njiani. "Kisu mnakichomea nini?"

"Aliwahi kusahau," Dativa alisema.

Arobaini na mitano. Kila mgomba uliolala, Ildefons aling'oa shina na mzizi, akavua kibati, akapeleka kisu. Jua lilipanda, moto ukamchoma Dativa magoti, Jovita akamletea kuni bila kuambiwa. Saa nane mwanga ulikuwa umejaa mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga, na wale walioko njiani wakaanza kuuona msalaba wa Felicitas, na ng'ambo ya njia ule wa Joackim, miwili ikitazamana.

Wa mwisho ulikuwa enyakizinga. Wiki ile ile ulikuwa umetoa ua lake la kwanza, jekundu, limefumba. Hakuwahi kuionja ndizi yake. Aliweka mkono juu ya shina, na midomo yake ikawa inasema kitu. Labda ilikuwa sala, labda ilikuwa jina la mke wake. Kisha akakata.

Uso wa shina ulikuwa mweupe, safi kama maziwa. Evelyne alisogea. Ildefons alisimama akitazama, na kwa muda mfupi moyo wake ulimpiga kwa matumaini mabaya, kwamba labda haukuwa huu, kwamba labda Ngenge haina hatia na yeye hana. Wakasubiri wote, kama walivyosubiri mwezi wa nane.

Tone la kwanza lilitokea ukingoni. Kisha la pili.

Ildefons alikwenda motoni, akatoa muhoro kwa mikono miwili, kama mtoto wa shule anayemkabidhi mwalimu daftari. Dativa aliupokea. Aliuchoma muda mrefu kuliko mara zote, hadi ncha ikawa nyekundu. Safari hii hakumrudishia. Aliusubiri upoe, akauzungushia kipande cha kitambaa cha bluu alichokitoa kwenye mkoba, akauweka mapajani.

"Migomba yangu itapogolewa na Jovita," alisema.

Akasimama, akavuka njia na kisu kile, kwenda kuangalia ardhi yake kama imepona.